Odiel Lammertyn, Mtu wa Nyuma

Katika msafara wa baiskeli uliotoka kila Jumapili asubuhi mbele ya kanisa la kijiji cha Poelkapelle, Odiel Lammertyn alikuwa mtu wa nyuma. Hakuwekwa hapo kwa sababu ya uzee, maana Etienne alimzidi umri, wala kwa sababu ya udhaifu, maana akiwa na miaka sitini na minane miguu yake ilikuwa bado imara kama ya farasi wa shamba. Nafasi hiyo aliichagua mwenyewe.

Walikuwa wanne. Mbele alikaa Gaston, mwoka mikate wa zamani, mtu wa macho makali na maneno machache. Nyuma yake alifuata Etienne, dereva mstaafu wa malori, ambaye kazi yake msafarani ilikuwa kuzungumza. Wa tatu alikuwa Firmin, aliyemwoa dada yake Odiel, akaitwa shemeji hata na wale wasio na udugu naye. Barabara za huko ni nyembamba, zimepenya katikati ya mashamba ya viazi, na wapanda baiskeli hufuatana kwa karibu kiasi kwamba kila mmoja huona mgongo wa mwenzake tu. Kwa hiyo aliye mbele huona kwa niaba ya wote. Gaston akiona shimo alisema “shimo”, akiona gari alisema “gari”, na neno likapitishwa mdomo kwa mdomo hadi nyuma.

Odiel hakuwa na wa kumpitishia. Neno likimfikia, na kitu chenyewe kikiwa cha kuondoleka, tawi au jiwe au kiazisukari kilichodondoka kwenye trela, alisimama, akakiweka kando, kisha akakanyaga kwa nguvu mpaka akawakuta wenzake. Sharti hilo lilianza mwaka ambao Gaston aliteleza kwenye donge la udongo na kuvunjika mfupa wa bega. Siku hiyo Odiel alirudi nyuma, akauzoa ule udongo wote kwa mikono yake, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kumwambia.

Tabia hiyo alitoka nayo kazini. Kwa miaka zaidi ya thelathini alitembea nyuma ya mashine ya kuchimba mifereji ya mashambani, ile inayopasua ardhi na kulaza mabomba ya kutoa maji. Mwendeshaji hukaa juu akitazama mbele. Aliye nyuma ndiye anayeona kilichofukuliwa. Na ardhi ya huko, tangu vile vita vya kwanza vya dunia walivyopigana babu zao na mababu wa watu wengine wengi, haijaacha kutoa vitu. Odiel alikuwa akisikia jino la mashine likigonga kwa sauti fulani, anainua mkono, mashine inasimama. Mara nyingi lilikuwa kombora la mzinga lenye kutu. Alilibeba kifuani kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, akalilaza chini ya nguzo ya umeme iliyo karibu, ambapo wakulima wote huyaweka makombora. Mwenye shamba alipiga simu polisi, na baada ya siku kadhaa wanajeshi walikuja na lori lao kuyachukua.

Mara moja jino lile lilifukua kiatu, na ndani ya kiatu mlikuwa na mguu. Bosi alisema mvua inakuja na mfereji haujaisha. Odiel alivua kofia yake, akakaa chini ukingoni mwa mfereji, akakataa kuinuka mpaka watu wa manispaa walipofika. Mvua ilimnyea. Bosi hakumfukuza, ila kwa mwezi mzima hakumsalimia.

Kwa hiyo “chuma” lilikuwa neno la kawaida msafarani, sawa na “shimo”. Watu walipita kando ya nguzo zenye makombora miguuni kama wanavyopita kando ya makopo ya maziwa.

Jumapili ile ya mwezi Machi ilikuwa baridi. Shamba lililo mkabala na kona ya Langemark lilikuwa limelimwa upya tayari kwa viazi, na mkulima alikuwa ameweka kombora moja chini ya nguzo, kama desturi. Usiku mvua ilinyesha, udongo ukalegea, na kombora likateleza hadi kwenye njia ya baiskeli. Gaston akasema “chuma”. Etienne akalipokea, Firmin akalipokea, wote watatu wakapinda kidogo na kupita.

Odiel alisimama. Halikuwa kubwa, lilikaribia ukubwa wa chupa ya mvinyo. Aliliinua kwa mikono miwili, akaona glavu zake zimeloa kitu kinachoteleza, akadhani ni matope. Alinusa harufu kama ya vitunguu. Ng'ambo ya barabara lilikuwepo shamba la liki, vile vitunguu virefu vinavyokaa ardhini majira yote ya baridi, na hakuna mtu wa upande ule ambaye angesikia harufu ya liki mwezi Machi akashangaa. Akalirudisha kombora chini ya nguzo, akapanda baiskeli. Upepo ulimpiga usoni, macho yakatoa machozi, naye akayafuta kwa glavu zilezile. Mkahawani walipofika alizivua, akanywa kahawa, akamtania Etienne kuhusu tumbo lake.

Jioni macho yalimwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Kesho yake asubuhi hakuweza kuyafungua, na mikono ilikuwa imetoka malengelenge makubwa kama mayai. Hospitalini daktari alimuuliza mke wake, Lutgarde, kama mumewe amewahi kufanya kazi kiwandani penye kemikali. Lutgarde aliitazama ile mikono, akakumbuka picha zilizotundikwa shuleni alipokuwa msichana, za askari waliofungwa vitambaa machoni.

“Hapana, daktari,” alisema. “Alikuwa kwenye baiskeli tu.”

Ilikuwa gesi ya haradali, sumu ya vita ambayo ndani ya kombora huwa majimaji kama mafuta, iliyosubiri ardhini kwa zaidi ya miaka mia moja. Jicho la kushoto lilikufa. La kulia lilibakiwa na uwezo wa kutofautisha dirisha na ukuta. Mapafu yaliungua pia, na daktari hakuficha neno: baridi au mvua vikimwingia kifuani tena, huenda asipone. Wanajeshi walikuja nyumbani wamevaa nguo za kinga, wakachukua nguo zake, taulo mbili, na baiskeli. Baiskeli haikurudi.

Majira yote ya joto Odiel alikaa dirishani. Jumapili, baada ya safari, wenzake walikuja kumsimulia, wakinuka jasho na majani. Etienne alisimulia mashamba yote, mtu kwa mtu, na ng'ombe nao. Ila hakuna aliyetaja kona ya Langemark. Hata sharti la mtu wa nyuma lilikufa kimyakimya. Siku hizo Gaston akisema “chuma”, wote walipinda na kwenda zao, na hakuna aliyewalaumu.

Odiel hakulalamikia macho. Lililomuuma alimwambia Lutgarde siku moja wakila supu.

“Nakaa hapa kama gunia. Kila kitu naletewa.”

“Hata mimi naletewa. Naletewa wewe, kutwa nzima,” Lutgarde alijibu, akamwongezea mkate.

Mwezi wa Oktoba Firmin alifika na baiskeli ya watu wawili. Aliiazima kwa majirani fulani, mume na mke walioachana na kila mmoja akakataa kuichukua.

“Baiskeli ya talaka,” Lutgarde alisema akiwa mlangoni, mikono kiunoni. “Na daktari, shemeji? Daktari umemwazima kwa nani?”

“Nitakaa mbele mimi. Yeye atakanyaga kidogo tu. Tukiona wingu tunarudi.”

“Wewe ulishawahi kuona wingu? Harusini kwako ulilowa mpaka soksi.”

Odiel alikuwa ameshavaa viatu. Lutgarde aliviona. Alimfunga skafu ya sufu mizunguko mitatu, akamwambia Firmin kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha Odiel kutosikia: “Akilowa, shemeji, sitakusamehe. Nakwambia mapema.”

Walitoka wanne kama zamani, kwenye baiskeli tatu. Gaston mbele, Etienne nyuma yake, na nyuma kabisa ile baiskeli ndefu, Firmin kwenye usukani na Odiel kwenye kiti cha pili.

“Firmin, umebeba abiria,” Etienne alisema. “Mtoze nauli.”

“Mwache. Anakanyaga kukuzidi.”

“Hata ng'ombe wa mkulima Dirk ananizidi. Odiel, unamsikia huyo ng'ombe? Amelala juu ya ngome ya Wajerumani, mguu mmoja unaning'inia.”

Odiel alicheka, akakohoa, akacheka tena. Aliijua ile ngome ya zege iliyozama nusu malishoni, na aliijua barabara yote kwa mwili. Palipokuwa na njugu za mialoni zikipasuka chini ya matairi, alijua wanapita makaburi ya Wajerumani, yale mawe meusi yaliyolala chini kabisa penye kivuli. Sauti za Kiingereza za vijana waliokuwa wakishuka kwenye basi zilimwambia wamefika kwenye makaburi mengine, yale ya mawe meupe yaliyopangwa kama meno. Alisikia harufu ya viazi vilivyong'olewa, ya samadi, ya dizeli ya matrekta. Kifua chake kilipiga filimbi nyembamba kila alipovuta pumzi, lakini alikanyaga. Walikubaliana kwamba mwisho wa safari ni mkahawa ulio juu ya mlima wa Passendale, ambao kwa mgeni hata si mlima, na ambapo mwenye mkahawa alikuwa ameshaambiwa aoke tati ya mchele, ile keki ya wali na maziwa, kwa ajili ya Odiel.

Walipokaribia kona ya Langemark mazungumzo yalikatika. Odiel alijua kwa nini. Akageuza uso upande wa upepo.

Ndipo sauti ya Gaston ikafika: “Chuma.”

“Chuma,” Etienne akasema, sauti imebadilika.

Firmin hakulipitisha neno. Alipinda tu, upana zaidi ya kawaida, na Odiel akahisi baiskeli ikiinama chini yake.

Baiskeli ya watu wawili ina jambo lake: pedeli za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa mnyororo mmoja, na mmoja akigoma, mwenzake hawezi. Odiel aligoma. Alikaza miguu, pedeli zikasimama, baiskeli ikayumba, na Firmin ikambidi ateremshe miguu chini.

“Shemeji, tutaanguka.”

“Kiko wapi?”

“Kando tu. Hakina shida.”

“Firmin. Kiko wapi?”

Firmin alivuta pumzi. “Katikati ya njia. Hapohapo konani.”

“Hakionekani mpaka uwe umeshapinda.”

“Ndiyo.”

“Na leo Jumapili.”

Firmin alitazama mbele. Gaston na Etienne walikuwa wameshapotea upande wa mlima, hawajui kwamba wa nyuma hawapo. Akasema, “Basi nitakisukuma kwa mguu. Mara moja tu, kiingie majanini.”

“Usikiguse.”

“Kwa kiatu, Odiel. Si kwa mkono.”

“Mimi nilivaa glavu,” Odiel alisema. “Piga simu.”

Firmin alipiga. Sauti ya kike ikasema magari yote yako kwenye ajali barabara kuu, huenda saa moja, huenda zaidi. Wasikiguse, wakae upande upepo unakotoka, na kama wanaweza wawazuie watu. Firmin alipokata simu tone la kwanza lilianguka kwenye mkono wake. Upande wa baharini mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu.

“Sikiliza,” alisema. “Nampigia Lutgarde aje na gari. Mimi nabaki hapa.”

“Watu wanatoka pande mbili. Utasimama wapi wewe?”

“Nitasimama katikati.”

“Penye gesi?”

Odiel alishuka, akakunjua fimbo yake nyeupe ya kipofu. “Niweke upande wa Poelkapelle. Upepo unatoka huko. Wewe shika upande wa pili, usogee mbali. Mimi nawasikia kabla hujawaona.”

“Utalowa.”

“Nitalowa.”

“Lutgarde ataniua, shemeji.”

“Na mimi atanifufua aniue tena. Twende.”

Firmin alimshika mkono, akamrudisha, mbali na chuma, mpaka penye nguzo iliyotangulia kona, akamwacha. Kisha alizunguka kupitia shambani, akizama kwenye udongo mpaka kifundo cha mguu, hadi upande wa pili, akampigia Lutgarde. Kutoka huko alimwona Odiel amesimama wima katikati ya njia, fimbo ameinyoosha mbele kama kizuizi cha reli.

Mvua ilishuka sasa sawasawa. Odiel alisikiliza. Matairi membamba juu ya lami yenye maji hutoa sauti kama kitambaa kinachochanwa, na aliyasikia kutoka mbali. Akapaza sauti: “Simameni. Kuna chuma.” Kikundi cha vijana kilifunga breki. Mmoja akatukana, akasema toka njiani, mzee, tunapoa. Mwenzake alimtazama Odiel usoni, akaona makovu ya macho, akamvuta yule mwingine shati. Wakageuza.

Wakaja wengine, na wengine. Mama mmoja alimpa nusu ya chokoleti. Baba mmoja kijana, aliyekuwa amefunga nyuma ya baiskeli kigari cha mtoto, alikuja kwa kasi akiikimbia mvua, kichwa chini. Odiel hakungoja, aliita kwa sauti ambayo kifua chake hakikuwa nayo tena, na alipomaliza kuita aliinama akakohoa mpaka akashika nguzo. Kigari kilisimama karibu na fimbo. Ndani mtoto alikuwa akiimba.

“Kuna nini?” baba aliuliza.

Odiel alionyesha kona kwa fimbo. Pumzi ya kusema haikuwepo. Yule baba alisogea hatua chache, akachungulia, akarudi amepauka. Alisema asante mara nyingi, akaondoka kwa miguu akiisukuma baiskeli, kana kwamba hata kuipanda kumemtia hofu.

Gari la Lutgarde lilifika kabla ya polisi. Aliteremka na koti, blanketi na mwavuli, akamkuta mumewe ametota, midomo ya bluu.

“Panda gari.”

“Wakija polisi.”

“Odiel, panda gari. Nitasimama mimi.”

“Wewe huwasikii.”

“Sina masikio?”

“Unayo ya kunisikia ninapofungua kabati la biskuti. Hawa huwasikii.”

Firmin, kutoka ng'ambo, alifikiri Lutgarde atamvuta kwa nguvu. Alikuwa mwanamke mwenye mikono yenye nguvu, aliyefanya kazi maisha yake yote kiwanda cha mboga. Badala yake alimvika koti juu ya lile lililolowa, akafungua mwavuli, akasimama ubavuni mwake. Upepo ulipindua mwavuli mara mbili na mara zote mbili aliunyoosha. Alipomwona mpanda baiskeli alisema, “Mmoja, kushoto,” na Odiel akaita, “Simama, kuna chuma.” Walifanya hivyo hadi taa za bluu zilipoonekana.

Huko juu mkahawani Etienne na Gaston walikuwa wamekaa mbele ya tati isiyokatwa. Walipopigiwa simu walishuka mbio, lakini njia ilikuwa imeshafungwa kwa utepe.

Siku ya Jumatano kifua kilimbana Odiel. Ijumaa alipelekwa hospitali. Firmin alikwenda kila mchana, akakaa, na Lutgarde alimsogezea kiti bila kumsalimia. Hakumsemesha, lakini kiti alimsogezea.

Mchana mmoja Odiel alikuwa na nafuu kidogo. Akauliza, “Lilikuwa la gesi?”

Firmin alikuwa amemuuliza mwanajeshi aliyelichukua. Alimtazama Lutgarde, naye akatazama dirishani.

“Lilikuwa tupu, shemeji. Lilishalipuka zamani. Ganda tu.”

Odiel alisema, polepole, akipumzika katikati ya maneno, “Hatukujua.”

“Hapana. Hatukujua.”

“Yule mtoto alikuwa akiimba nini?”

“Nilikuwa mbali. Sikumsikia.”

“Mimi nilisikia,” Odiel alisema, “lakini wimbo siujui.”

Alifariki mwishoni mwa Novemba, wakati wa kuchuma zile kabichi ndogondogo, wanawake wakiwa mashambani wamevaa mifuko ya plastiki juu ya mabuti. Kanisa lilijaa. Wapanda baiskeli kutoka vijiji vya jirani walikuja na viatu vyao vya baiskeli vyenye kugonga sakafu, na padri alingoja mpaka mlio wa viatu ulipokoma. Lutgarde aliweka juu ya jeneza ile fimbo nyeupe, kwa kuwa baiskeli hakuwa nayo.

Baada ya mazishi, Firmin alimsogelea uani mwa kanisa.

“Ulisema hutanisamehe.”

“Nilisema, na bado.” Alikunja kitambaa chake cha mkononi, akakikunjua. “Njoo Jumapili unywe supu. Wote watatu. Mje mmejifuta matope.”

Jumapili walitoka watatu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na ile ngome ya zege haikuonekana, ila ng'ombe alisikika. Firmin hakupanga jambo hilo na mtu. Alijikuta tu ameachia nafasi mbele yake na kubaki nyuma. Walipopita makaburi ya mawe meupe, Gaston akasema, “Chuma,” Etienne akalipokea.

Firmin alifunga breki. Lilikuwa dogo, jeusi, ukingoni mwa njia. Aliiegemeza baiskeli mbali, upande unakotoka upepo, akatoa simu.

Etienne aligeuka akarudi, akisukuma baiskeli. “Lipo majanini hilo. Watu wanapita.”

“Nusu yake ipo njiani.”

“Tutaambiwa tusubiri saa moja. Tutaganda hapa. Supu ya Lutgarde itapoa.”

“Ataipasha moto.”

Etienne alimtazama, akatazama ukungu. Akavuta kofia masikioni, akaenda kusimama upande wa pili wa njia. Gaston alitembea mbele hadi penye kona inayofuata, akasimama huko.

Firmin alifunga macho, akasikiliza. Alisikia simu ikiita, ng'ombe, na maji yakitiririka kwenye bomba chini ya shamba. Matairi hakuyasikia mpaka yalipokuwa karibu sana, na ikambidi apige kelele: “Simameni. Kuna chuma.”